Kijiji cha Dalj: nyumba moja, familia mbili



Katika mikutano yetu na familia zilizohama, swali moja linarudi kila mara: vita vikiisha, yule anayekaa ndani ya nyumba yangu atatoka lini, naye ataenda wapi? Safari hii tunawaelezea kijiji kimoja cha mbali, Dalj, huko mashariki ya Kroatia, ambako watu wa pande mbili waliuliza swali hilo hilo.

Dalj iko kando ya mto Danube, kati ya miji ya Osijek na Vukovar. Ng'ambo ya mto ni Serbia. Wakroatia, ambao wengi ni Wakatoliki, na Waserbia, ambao wengi ni Waorthodoksi, wamekuwa majirani humo kwa muda mrefu sana. Waserbia wengi walifika sehemu hizo baada ya mwaka 1690, wakikimbia majeshi ya Waturuki. Yaani mababu wao nao walikuwa wakimbizi. Mwaka 1879 alizaliwa hapo Milutin Milanković, mtaalamu aliyeonyesha kwa hesabu jinsi mwendo wa dunia kuzunguka jua unavyoleta na kuondoa nyakati za barafu. Nyumba ya kwao leo ni makumbusho.

Kuhusu lugha, Mkroatia na Mserbia wanaelewana bila mkalimani, karibu kama mtu wa Bukavu na mtu wa Lubumbashi wanapoongea Kiswahili. Mkate, mmoja anauita kruh, mwingine hleb. Tofauti kubwa iko katika maandishi: Wakroatia wanaandika kwa herufi kama hizi zetu, Waserbia wana pia herufi za Kisirili, zinazofanana na zile za Warusi. Naeleza hivyo kwa sababu huku kwetu tunaambiwa mara nyingi kwamba watu wanapigana kwa kuwa hawaelewani lugha. Watu wa Dalj walielewana vizuri kabisa, na vita vikaja.

Nchi ya Yugoslavia ilipovunjika, tarehe 1 Agosti 1991 majeshi ya Waserbia yaliiteka Dalj. Polisi wa Kroatia waliuawa, na Wakroatia wa kijiji wakafukuzwa. Katika Septemba na Oktoba raia waliofungwa katika jengo la polisi waliuawa pia. Kisha mwaka 1995 jeshi la Kroatia likarudisha mikononi mwake sehemu nyingine za nchi, na safari hiyo Waserbia ndio waliokimbia. Baadhi yao walifika upande wa Danube, wakaingia katika nyumba ambazo Wakroatia walikuwa wameziacha. Hapo nyumba moja ikawa na familia mbili: moja ndiyo yenye haki, nyingine haina pa kwenda.

Tarehe 12 Novemba 1995 pande mbili zilitia sahihi mapatano katika kijiji jirani cha Erdut. Ni karatasi fupi, lakini inafaa kila chefu wa kijiji aifahamu. Ilisema waliofukuzwa wana haki ya kurudi na kurudishiwa mali yao, au kulipwa ikiwa hairudishiki. Ilisema pia kwamba wakaaji wa Kroatia waliokimbilia pale wana haki sawa na wengine. Umoja wa Mataifa ulisimamia sehemu hiyo tangu Januari 1996 hadi Januari 1998. Bunduki zilinunuliwa kutoka kwa raia, polisi wakachanganywa Wakroatia na Waserbia, na uchaguzi ukafanyika Aprili 1997.

Nyumba ndizo zilizochelewa. Mwaka 1998 serikali ilikubali kwamba anayekaa katika nyumba ya mwingine apewe kwanza mahali pa kwenda, ndipo atolewe. Kwa maoni yangu ilikuwa haki, maana kumtupa mkimbizi barabarani ni kuanzisha ugomvi mpya. Lakini mwenye nyumba ndiye aliyesubiri, na wengine walingoja miaka. Waserbia wengi waliuza nyumba na parsele zao, wakahama kabisa.

Sheria ya mwaka 2002 inasema kwamba kabila dogo likifikia theluthi moja ya wakaaji wa komine, lugha na herufi zake zinatumika katika ofisi sawa na Kikroatia. Katika komine ya Erdut, ambamo Dalj imo, Waserbia wanapita kiasi hicho. Vukovar, ambako damu nyingi ilimwagika, mambo yalikuwa magumu zaidi: mwaka 2013 vibao vya Kisirili vilipowekwa kwenye ofisi za serikali, watu walivivunja kwa nyundo.

Shuleni, sheria inawaruhusu Waserbia kusoma masomo yote kwa lugha na herufi zao. Wazazi wengi wa upande huo wa Danube wamechagua hivyo, wakiogopa lugha yao isipotee. Basi watoto wa kijiji kimoja wanakaa katika madarasa mbalimbali, wakati wangeweza kumsikiliza mwalimu mmoja na kumwelewa. Mapatano ya Erdut yalitaja nyumba, polisi na kura. Namna watoto watakavyoketi pamoja hayakuitaja.