Kifusi cha makaa ya mawe: chokaa kwanza, mche baadaye

Kupanda miti juu ya kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe si kazi ngumu. Kazi ni kuikuta hai baada ya misimu mitatu. Katika milima ya Appalachia nchini Marekani, kuanzia Pennsylvania hadi Kentucky, kuna vilima vyeusi vya mabaki vilivyokaa miongo mingi bila hata gugu, na mvua huko si haba. Kinachoua mimea ni tindikali.

Chanzo chake ni pairiti, madini ya chuma na salfa yanayoandamana na makaa. Yakiwa chini ardhini hayana neno. Yakichimbuliwa yakapata hewa na maji, hutoa asidi ya salfuriki, na wapo bakteria wanaoishi kwa chuma hicho ambao huharakisha mambo. Kipimo cha pH huweza kushuka hadi 3 au chini yake. Hapo alumini na manganizi huyeyuka na kuwa sumu kwa mizizi, nayo fosforasi hukwama udongoni. Weusi wa kifusi nao hufyonza jua: mchana wa kiangazi uso wake huweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi, na mche mchanga huungua shinani, pale pale unapochomoza.

Wengi hupima pH wakaishia hapo. Lakini pH hueleza asidi iliyopo leo tu. Haisemi lolote kuhusu pairiti ambayo bado haijapata hewa. Kifusi kinaweza kuonekana salama mwaka huu, mwakani kikawa kikali kuliko siki. Ndiyo maana maabara hupima salfa. Kwa hesabu ya kikemia, kila asilimia 1 ya salfa ya pairiti katika tani 1,000 za kifusi hudai tani 31.25 za chokaa ya kilimo. Hekta moja kwa kina cha sentimita 15 ina takriban tani 2,000 za kifusi, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya tani 60. Mkulima aliyezoea kutia tani mbili tatu shambani ataguna. Ila ukipunja, nyasi zitaota, picha zitapigwa, kisha mabaka makavu yatatokea moja baada ya jingine. Chokaa yenyewe iwe unga na ichanganywe hadi chini. Bonge hufunikwa na gamba la kutu likaacha kufanya kazi, ingawa ukilipasua utalikuta ndani bado jeupe.

Baada ya chokaa hufuata mboji, samadi au hata tope la majitaka lililotibiwa. Pennsylvania walitumia lile la jiji la Philadelphia. Juu hutandazwa nyasi kavu kupunguza joto. Ndipo mbegu.

Na katika mbegu kuna habari ya kwetu. Nyasi mojawapo iliyosifika sana kwenye vifusi vichachu vya Appalachia ni Eragrostis curvula, ya asili ya Afrika, ambayo Wamarekani walichukua mbegu zake Tanganyika mwaka 1927. Huota upesi wakati wa joto na huvumilia pH ya karibu 4, pale ambapo nyasi nyingi za malisho hukata tamaa. Lakini mimi siiamini ikiwa peke yake. Haiongezi naitrojeni ardhini, na ikisiha husonga miche ya miti. Isiwe nene, ichanganywe na jamii ya kunde, halafu miti inayojitengenezea naitrojeni kama Robinia pseudoacacia, ambayo ni ya Appalachia kwenyewe. Kwetu ingetafutwa miti ya kwetu.

Tanzania tunachimba makaa Ngaka, mkoani Ruvuma, na Kiwira tuna historia ndefu ya uchimbaji. Si kila mwamba wa makaa una pairiti nyingi, na mwingine una chokaa yake ya kutosha. Jicho haliwezi kutofautisha, maabara inaweza. Kwa hiyo diwani au mwanakijiji anayealikwa kupanda mti juu ya kifusi, kabla ya kushika jembe aombe karatasi mbili: ya kipimo cha salfa, na ya tani za chokaa zilizokwisha kumwagwa. Zisipokuwepo, miche irudishwe kitaluni.