Agosti ya Mwisho Nyumbani

Kipindi cha afya ya mama na mtoto
Walengwa: akina mama na walezi wote

(Muziki wa kufungua. Punguza sauti polepole.)

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, ila sogeza redio karibu. Leo tunazungumza juu ya jambo linalobisha hodi katika nyumba nyingi siku hizi: familia inayohama kwenda kuishi ng'ambo.

Tuchukue mfano. Kuna mama mmoja, tumwite Mama Baraka. Ni muuguzi, anaishi Nairobi na mumewe na watoto wawili. Baraka ana miaka saba. Neema ametimiza miezi kumi na minane. Julai 2021, Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu wahudumu wa afya wa Kenya kwenda kufanya kazi huko, na Mama Baraka naye amepata nafasi. Shule za Uingereza huanza mwaka wao Septemba, kwa hiyo familia itasafiri mwishoni mwa Agosti. Likizo hii ndiyo ya mwisho nyumbani, na wanataka kuimaliza Busia kwa nyanya.

Orodha ya Mama Baraka ni ndefu. Kuuza viti. Kununua makoti. Kuaga majirani. Kupiga picha na ukoo mzima. Sasa mimi nakuuliza: katika orodha hiyo, afya ya watoto iko wapi?

Kadi ya kliniki isibaki nyuma

Tuanze na kile kijitabu cha mama na mtoto ulichopewa kliniki. Pengine kimechakaa, pengine kimelowa chai. Kitafute leo. Huko ng'ambo, mtoto asiye na rekodi ya chanjo mara nyingi huhesabiwa kuwa hajachanjwa, na huenda akaanzishiwa sindano upya. Kijitabu hicho ndicho shahidi wake.

Kikague pamoja na muuguzi. Je, chanjo za wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne zimekamilika? Je, ile ya surua na rubela ilitolewa miezi tisa? Na ya pili, ya miezi kumi na minane? Hii ya pili wazazi wengi huisahau, kwa sababu mtoto tayari anakimbia na mama anaona kliniki imekwisha. Neema wetu amefika umri huo hasa. Apate chanjo yake kabla ya safari, na iandikwe tarehe.

Kisha toa nakala mbili za kurasa za chanjo, na upige picha kwa simu. Kijitabu chenyewe kiwekwe pamoja na pasipoti, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Usishangae ukifika Uingereza ukaambiwa mtoto anahitaji chanjo zaidi. Kila nchi ina ratiba yake. Kwa mfano, wao huwachanja watoto dhidi ya matumbwitumbwi pamoja na surua na rubela, na wenye umri kama wa Baraka huwa wamepata chanjo za kuongezea nguvu zile za uchangani.

Picha ya kifua ifanywe mapema

Anayetoka Kenya kwenda kuishi Uingereza kwa zaidi ya miezi sita hutakiwa kupimwa kifua kikuu, yaani TB, kabla ya kupewa visa. Watu wazima na watoto wakubwa hupigwa picha ya kifua. Watoto walio chini ya miaka kumi na mmoja kwa kawaida hawapigwi picha, lakini daktari huwaona na kuuliza maswali. Kama una mimba au unadhani unayo, sema kabla hujaingia chumba cha picha. Kuna njia nyingine.

Cheti hudumu miezi sita. Picha isipokuwa safi, utaombwa makohozi, na makohozi yanayooteshwa maabara yanaweza kuchukua hadi miezi miwili kutoa jibu. Basi usiuze ng'ombe wala kurudisha nyumba ya kupanga kabla jibu halijatoka.

Na kama jibu ni TB? Pole, lakini usifiche kikohozi na usikate tamaa. TB inatibika. Katika hospitali za serikali dawa zake ni bure, na matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Safari iliyochelewa bado ni safari. Bali mzazi anayeficha TB anailaza kitanda kimoja na watoto wake.

(Muziki mfupi.)

Mbu wa wiki ya mwisho

Sasa sikiliza sehemu hii kwa makini. Kama utasahau mengine yote, hili usilisahau.

Baraka na Neema wamelelewa Nairobi, ambako malaria ni kidogo. Miili yao haijazoea kupigana nayo. Busia ni eneo la Ziwa Victoria, ambako malaria ni nyingi. Familia inafika kwa nyanya, nyumba imejaa wageni, watoto wanalala kumi kumi sakafuni. Nani anauliza habari ya neti? Ni wiki ya furaha. Mbu mmoja anamuuma Baraka usiku wa mwisho.

Hakuna kinachoonekana. Vimelea vya malaria hukaa mwilini siku saba, siku kumi na nne, pengine zaidi, kabla homa haijaanza. Kufikia wakati huo Baraka yuko darasani Uingereza. Anaanza kutetemeka na kutapika. Mwalimu anasema ni mafua, watoto wengi wanayo. Mama anasema ni baridi, hajazoea. Hata daktari, ambaye huenda hajaona mgonjwa wa malaria kwa miaka, anaweza kufikiria mafua. Na malaria kwa mtoto haingoji. Inaweza kupanda kichwani na kuua katika siku chache.

Basi tufanye nini, mama? Tusiende kumuaga nyanya? La. Nenda. Lakini fanya hivi:

Kwanza, panga kuaga mapema. Nenda mwanzoni mwa Agosti, kisha urudi Nairobi ukae kama wiki mbili kabla ya ndege. Kama homa itakuja, kuna nafasi nzuri ije ukiwa bado karibu na zahanati inayoijua malaria.

Pili, beba neti zenu wenyewe zilizotiwa dawa. Usitegemee kwamba za nyanya zitatosha. Na kabla ya kwenda, muulize daktari kuhusu dawa za kukinga malaria, hasa kwa mtoto mdogo au kama una mimba.

Tatu, na hili ndilo kubwa: ukiwa ng'ambo, mtoto akipata homa, usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe: "Tumetoka Kenya. Naomba apimwe malaria." Sema leo hii hii, si kesho. Kipimo cha kwanza kikitoka safi na homa ikaendelea, mrudishe apimwe tena. Hatari ni kubwa katika miezi mitatu ya kwanza, lakini endelea kukumbuka hadi mwaka mzima.

Na siku mtakayorudi likizo, kumbukeni kwamba hata wewe uliyekulia Busia, kinga uliyokuwa nayo hupungua ukikaa mbali. Rudini na neti na dawa za kukinga, kama wageni wengine.

Mwenye dawa za kila siku

Kuna mtoto mwenye pumu. Kuna mwenye kifafa. Kuna mwenye siko seli. Kuna mama anayetumia dawa za ARV na hajui atazipata wapi. Nenda kliniki yako mapema, omba barua inayoeleza ugonjwa, majina ya dawa na vipimo vya karibuni. Omba dawa za kutosha hadi utakapopata daktari mpya. Ziache ndani ya pakiti zake, na uzibebe mkononi.

Dada yangu unayetumia ARV, usiziache kwa kuogopa kukaguliwa. Kuishi na virusi vya ukimwi hakukuzuii kupewa visa ya Uingereza, na tangu Oktoba 2012 matibabu ya HIV katika England hutolewa bure kwa kila mtu anayeyahitaji.

Mwambie mtoto ukweli

Mama, umewahi kusikia mtu mzima akimwambia mtoto, "Tunaenda kutembea tu, tutarudi"? Tunasema hivyo ili asilie. Lakini mtoto akigundua kwamba hakuna kurudi, hulia mara mbili: kwa ajili ya nyanya, na kwa ajili ya uongo.

Mwambie kwa maneno mafupi. Tunahama. Tutaishi mbali. Nyanya habadiliki, ataendelea kuwa nyanya yako. Mruhusu achague kitu kimoja cha kubeba, hata kama kwako ni takataka. Rekodi sauti ya nyanya akimsimulia hadithi. Na siku ya kuondoka msitoroke alfajiri mtoto akiwa usingizini. Amuage nyanya kwa mkono wake.

Baadaye huenda akaanza kukojoa kitandani, kukataa chakula au kulalamika tumbo kila asubuhi ya shule. Usimpige. Hiyo ni huzuni, haijapata maneno. Ongea naye lugha ya nyumbani. Lugha hiyo haimzuii kujifunza Kiingereza. Tena mwacha mila ni mtumwa, na siku nyanya atakapopiga simu, mtoto awe na la kumjibu.

Nyanya naye anabaki

Nani atampeleka kliniki ya presha? Nani atanunua dawa zake mwezi ukiisha? Pesa zitatumwa kwa simu ya nani? Kaeni chini ninyi ndugu mkubaliane kabla ya ndege, mtu mmoja atajwe kwa jina. Wiki ya kwanza wote huahidi. Mwezi wa nne nyanya yuko peke yake na chupa tupu ya dawa.

Ukishafika

Jiandikisheni kwa daktari wa mtaa wiki ya kwanza, kabla mtu hajaugua. Ni bure. Katika England, kwa ushauri piga 111, kwa dharura 999.

Tena, jua la huko wakati wa baridi ni dhaifu. Desemba, London hupata mwanga wa mchana usiofika saa nane. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kutengeneza vitamini D, inayoimarisha mifupa. Ndiyo maana wizara yao ya afya hushauri watu kutumia vitamini D kila siku kuanzia Oktoba hadi Machi, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kuitumia mwaka mzima. Watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi minne nao hushauriwa kuitumia mwaka mzima. Muulize daktari kipimo cha Neema.

Mama, mlezi, makoti yatanunuliwa hata huko. Viti vitapata mnunuzi. Lakini kadi ya kliniki, neti ya usiku wa mwisho na neno la kweli kwa mtoto, hivyo hupatikana hapa nyumbani tu, katika Agosti hii. Kama si wewe unayesafiri, mwambie jirani anayefunga mizigo.

Hadi kipindi kijacho, nakutakia siku njema wewe na wote unaowalea. Kwaheri.

(Muziki wa kufunga.)

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kijitabu cha kliniki cha mtoto wako kiko wapi sasa hivi? Chanjo gani haijaandikwa?
2. Kwa nini homa ya mtoto aliyetoka Kenya isichukuliwe kuwa mafua tu?
3. Mnajua familia iliyohama? Watoto waliambiwa nini, na nani anamtunza nyanya?