Kwa nini mwanga unachukua nafasi ya waya kwenye MRI

Mgonjwa anapopimwa tezi dume kwa MRI, wakati mwingine daktari huingiza koili ndogo kupitia njia ya haja kubwa. Koili hiyo hufanya kazi ya sikio: ikiwa karibu na tezi, hunasa ishara hafifu za mwili na picha hutoka wazi zaidi.

Shida ni waya. Mashine ya tesla 1.5 hurusha mawimbi ya redio ya takriban megahezi 64, na waya mrefu huyanasa kama antena. Ncha yake inaweza kupata moto hadi kuunguza mwili. Koili nayo sharti izimwe kila mawimbi yanaporushwa, kisha iwashwe isikilize. Kwa kawaida amri hiyo hupitia waya. Watafiti wamebuni saketi zinazopokea amri kwa mwanga kupitia faiba, jamaa ya ile inayoleta intaneti mitaani. Kioo hakipitishi umeme. Kutoa ishara ya picha bila waya ndiko kugumu zaidi.

Anayeenda kupimwa MRI amweleze mhudumu mapema kuhusu chuma au kifaa chochote kilicho mwilini, hasa cha moyo. Akihisi joto ndani ya mashine, aseme papo hapo.