Tumsikilize Mtoto Akisoma Kabla ya Kumpa Alama

Muhula uliopita mwalimu mmoja wa Gredi ya Tatu, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wangu chuoni, alinijia akiwa na daftari mkononi. Alikuwa amewasikiliza watoto wake wakisoma kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, dakika moja kwa Kiingereza na dakika moja kwa Kiswahili, kisha akahesabu maneno ambayo kila mtoto aliyasoma sawasawa. Karibu katika kila ukurasa, hesabu ya Kiingereza ilikuwa kubwa kuliko ya Kiswahili. Mwalimu mkuu wa shule yake alikuwa amekwisha kutoa hukumu: watoto hawa ni dhaifu katika Kiswahili, na mwalimu wao ajieleze kwa maandishi.

"Mwalimu," akaniuliza, "kosa langu liko wapi?"

Nilimwomba aandike neno moja ubaoni: hawajanirudishia. Kisha tukalipasua. Lina kiambishi cha kukanusha, cha nafsi ya watendaji, cha wakati na cha mtendewa, lina mzizi, kiambishi cha kusababisha, cha kutendea na irabu ya mwisho. Ni mofimu nane katika neno moja, na silabi nane ambazo mtoto hana budi kuzitamka zote kabla ya kuhesabiwa kuwa amesoma neno hilo moja. Mwingereza akitaka kusema hayohayo atatumia maneno saba au manane, mengi yakiwa ya silabi moja moja. Mtoto anayeyasoma hayo kwa Kiingereza amejipatia maneno manane, na mwenzake aliyefanya kazi ileile kwa Kiswahili amejipatia moja. Halafu tunaweka hesabu hizo mbili bega kwa bega na kusema Kiswahili kimeshindwa!

Waliobuni viwango vya usomaji nchini walilifahamu jambo hili. Katika mradi wa Tusome, ulioanza katika shule za msingi kote nchini mwaka 2015, mtoto aliyehesabiwa kuwa msomaji stadi alitakiwa kusoma sawasawa maneno 65 ya Kiingereza kwa dakika, lakini maneno 45 tu ya Kiswahili. Tofauti hiyo haikutokana na huruma kwa Kiswahili. Ilitokana na umbo la lugha yenyewe. Inasikitisha kwamba takwimu hizo zilifika katika shule nyingi bila maelezo yake, na mwalimu mkuu aliyefunzwa kulinganisha alama za somo na somo kwa miaka ishirini angefanya nini kingine ila kuzilinganisha?

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha maradhi tuliyo nayo. Tunapenda mno kupima, nasi hatuulizi kipimo kinapima nini. Na kipimo kikishatoka, hakimrudii mtoto kumsaidia. Humwendea mwalimu mkuu, afisa wa elimu na mzazi ili wapate mtu wa kumlaumu au wa kumbeba mabegani.

Wasomaji wa makamo watakumbuka mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Siku ya matokeo ilikuwa sikukuu kwa wachache na matanga kwa wengi. Jambo ambalo wazazi wengi hawakuelezwa ni kwamba alama zile hazikuwa alama ghafi. Zilisawazishwa kitakwimu ili wastani wa kila somo ukaribie 50 kati ya 100. Kwa hiyo mtoto aliyepata 60 katika Kiswahili hakuwa amejibu sawasawa maswali sitini katika kila mia. Alikuwa amewapita wenzake kadhaa katika foleni. Foleni ni kitu cha haki pale nafasi zinapokuwa chache, na kwa kazi ya kuwagawia watoto nafasi za shule za upili mtihani ule ulifaa. Lakini foleni haiwezi kukuambia kama taifa zima limejifunza zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana, maana hata watoto wote wangeamka siku moja wakiwa werevu maradufu, wastani ungesawazishwa urudi palepale. Miaka nenda miaka rudi tulikuwa tukisoma magazetini kwamba shule fulani "imeboresha matokeo," kumbe imesogea mbele kwa kuwasukuma wengine nyuma.

Na namna ya kusogea mbele ilijulikana. Zipo shule zilizowakaririsha darasa watoto wasiotarajiwa kufaulu, au zikawasajili katika kituo kingine cha mtihani ili wasiharibu wastani. Wizara ilipiga marufuku uorodheshaji wa shule mwaka 2014, nami ni miongoni mwa walioshangilia. Hata hivyo, sharti tukiri kwamba tuliondoa orodha gazetini, hatukuiondoa mioyoni.

Somo langu lenyewe halikusalimika. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la kutahiniwa katika shule za msingi chini ya mfumo wa 8-4-4, sisi wapenzi wa lugha tulifurahi, na tulikuwa na sababu. Vitabu viliandikwa, walimu wakaajiriwa, na kizazi kizima cha Wakenya kikajua ngeli. Lakini insha! Nani kati yenu walimu hajasahihisha insha mia moja ambazo zote zinaanza alfajiri na mapema, majogoo yakiwika, mwandishi akirauka kama ngamia na kupiga mswaki, hata kama swali lilihusu moto uliotokea usiku? Watoto walikuwa wamegundua kwamba mtahini anapenda mapambo, nao wakamletea mapambo kwa debe. Sasa, katika tathmini ya KPSEA iliyoanza mwaka 2022 kwa watoto wa Gredi ya Sita, Kiswahili kimepimwa kwa maswali ya kuchagua jibu. Ugonjwa wa mapambo umepata dawa ya ajabu: mgonjwa amekatwa mkono. Mtoto aweza kumaliza shule ya msingi na kupimwa na taifa bila kuombwa aandike sentensi moja ya Kiswahili iliyo yake mwenyewe.

Kipo kipimo kimoja ambacho kilituaibisha kwa manufaa. Mwaka 2009 mpango wa Uwezo ulianza kuwatuma watu wa kujitolea vijijini na mitaani, wakaingia majumbani badala ya shuleni, kwa kuwa nyumbani ndiko anakopatikana pia mtoto asiyeonekana katika daftari la mahudhurio. Walimpa kila mtoto karatasi ya kiwango cha darasa la pili: silabi, maneno, aya fupi, na hadithi. Wazo hilo lilitoka India, ambako shirika la Pratham lilikuwa limeanza tathmini ya namna hiyo mwaka 2005. Matokeo ya hapa kwetu yalisema kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu, takribani watatu tu ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Wakubwa walikasirika, wengine wakasema kipimo kile ni chepesi mno hakina maana. Wepesi wake ndio uliokuwa maana yake. Mama asiyejua kusoma aliweza kusimama mlangoni, akamsikiliza mwanawe akikwama kwenye silabi, akajua jambo ambalo ripoti ya shule haikumwambia kwa miaka mitatu.

Ni kweli kwamba wakati ule shule zilikuwa zimefurika. Elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwezi Januari 2003, wanafunzi waliongezeka katika mwaka mmoja kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwalimu aliyeachwa na watoto themanini na chaki moja asilaumiwe kwa kutomjua kila mmoja kwa jina. Hata hivyo, watoto wale walipandishwa darasa, na mtihani wa darasa la nane ukawangoja mbele kama jabali.

Lakini kusoma kwa sauti nako kuna udanganyifu wake, na hapa naomba mwanaisimu asikilizwe kidogo. Maandishi ya Kiswahili ni mepesi: herufi na sauti zinakubaliana karibu kila mahali. Mtoto aliyemudu silabi anaweza kulisoma neno lolote, hata asilolijua, kwa sauti inayompendeza mkaguzi. Ugumu wa Kiswahili hauko katika kutamka. Uko ndani ya kitenzi, katika vile viambishi vidogo vinavyosema nani amemfanyia nani nini. Mwandikie mtoto: "Amina alipikiwa uji na Juma." Ataisoma bila kigugumizi. Muulize nani aliyepika, na wengi watakujibu Amina, kwa sababu jina lake ndilo la kwanza. Mwandikie tena: "Wageni wangefika mapema wangekuta chakula." Muulize kama wageni walikuta chakula. Mtoto atakayejibu kwamba hawakukikuta anasoma. Atakayejibu kwamba walikikuta anaimba silabi, hata akifikisha maneno sabini kwa dakika.

Kinyume chake pia ni kweli. Mtoto aliyekulia Mombasa anayesema "ndoo" mahali palipoandikwa "njoo," au wa Nyeri anayegeuza r na l, au anayeweka irabu ndani ya "mtoto" ikawa "mutoto," hatakiwi kukatwa neno hilo ikiwa ameelewa alichosoma. Hayo ni matamshi ya kwao. Yana siku yake ya kusahihishwa, na siku hiyo si siku ya kupima usomaji.

Mtaala wa umilisi, ulioanza rasmi nchini kote mwaka 2019, uliahidi kutuponya na haya yote. Badala ya alama tukapewa maneno: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Nia yake ni njema na sina ugomvi nayo. Ila wazazi wanaponiuliza "kukaribia matarajio" maana yake ni nini, siwezi kuwajibu, kwa kuwa maneno hayo peke yake hayasemi zaidi ya yale yaliyosemwa na 48. Mtoto huyu anakwama wapi? Kwenye silabi zenye konsonanti mbili, kwenye kauli ya kutendewa, au kwenye hadithi inayozidi aya mbili? Kama fomu haina mahali pa kuliandika hilo, tumebadilisha lebo ya chupa tu. Isitoshe, sote twajua jinsi fomu hizo zinavyojazwa: usiku wa kuamkia siku ya kufunga shule, darasa zima kwa mkao mmoja, kalamu ikikimbia kuliko kumbukumbu. Simlaumu mwalimu. Nimejaza fomu za namna hiyo chuoni kwa mwendo uleule.

Hivi sasa tathmini za shuleni zimepewa uzito mkubwa. Mtoto wa Gredi ya Tisa aliyefanya KJSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, huchukua asilimia 60 ya matokeo yake kutoka kwa tathmini hiyo, asilimia 20 kutoka kwa KPSEA, na asilimia 20 kutoka kwa kazi aliyopimwa na walimu wake mwenyewe. Kalamu ya mwalimu inahesabiwa, na kwa sababu hiyo ni hatari iwe inaandika asichokisikia.

Nilimshauri yule mwalimu mambo mawili. Kwanza, amwandikie mwalimu mkuu barua ya adabu yenye neno hawajanirudishia na takwimu mbili, 65 na 45. Pili, asiache kuwasikiliza watoto wake, ila abadilishe namna. Ana watoto sitini. Dakika moja ya kusoma na dakika mbili za maswali ni saa tatu kwa darasa zima, muda ambao hana. Lakini watoto kumi na wawili kwa siku ni dakika 36, nazo zinapatikana pale wenzao wanapoandika kazi yao, na kwa wiki moja amewamaliza wote. Asiandike alama. Aandike mahali mtoto alipokwama, kwa maneno yasiyozidi matano. Wiki inayofuata awakalishe waliokwama pamoja mahali pamoja, bila kujali umri wala ukubwa, awafundishe jambo hilo moja. Pratham walifanya hivyo huko India na watoto wakasoma. Nao wakufunzi wa Tusome waliokuwa wakizuru shule na vishikwambi vyao walikuwa wakiwasikiliza watoto wachache kila walipofika, kisha wakazungumza na mwalimu siku hiyohiyo, huku kila mtoto akiwa na kitabu chake mkononi. Vitabu hivyo visisahaulike. Huwezi kumsikiliza mtoto akisoma kitabu alichoazima jirani yake.

Wanachuo wa ualimu mnaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, nawasihi mlijaribu jambo hili, hata kama msimamizi wenu atakuja na fomu isiyolitaja. Beba hadithi yako fupi, aya mbili, yenye kitenzi kimoja cha kutendewa na kimoja chenye "-nge-." Ifanyie majaribio kwa ndugu yako mdogo nyumbani kabla ya kuipeleka darasani, kwa kuwa hadithi nyingi tunazowapa watoto ni ngumu mahali ambapo sisi wenyewe hatukukusudia.

Barua iliandikwa. Mwalimu mkuu hajaijibu, lakini sharti la kujieleza kwa maandishi halikutajwa tena. Mwalimu wangu alinipigia simu wiki tatu baadaye. Alisema msichana mmoja, ambaye daftari la kwanza lilimwonyesha kuwa msomaji wa mwisho kabisa kwa kasi, alikuwa amejibu maswali yote ya hadithi bila kukosea hata moja, huku mvulana aliyeongoza kwa mbio hakujua aliyepika uji. Alitaka kujua ampe nani nafasi ya juu. Nilimwambia asimpe yeyote, amkalishe mvulana pamoja na kundi la kauli ya kutendewa, na msichana amtafutie kitabu kirefu zaidi. Akanijibu kwamba kabati la shule lina vitabu vya hadithi vya Kiswahili tisa tu, na msichana amekwisha kuvisoma saba.