"Inadaiwa" Haimkingi Mwandishi

Wiki hii tena mwandishi kijana ameniuliza: "Mwalimu, nikiandika 'inadaiwa', si nimeshajikinga?" Hapana. Nimelijibu swali hili darasani, katika chumba cha habari, hata msibani, na bado linarudi.

Linazaliwa na imani kwamba kudai ni kusema jambo lenye harufu ya uongo. Si kweli hata kidogo. Mtazameni mwenye duka la mtaani anayekuja na daftari lake la madeni. Anadai elfu nane zake. Ana shaka? Hana hata chembe. Ndiyo maana amebisha hodi alfajiri. Mahakamani nako, mdai ndiye aliyefungua shauri akishikilia kuwa haki ni yake, na mdaiwa ndiye anayejibu. Mzizi wa Kiarabu wa neno "kudai" ni wa kuita, uleule uliotupa dua. Anayedai anasema kwa kujiamini jambo ambalo wengine bado hawajalikubali. Uhakika ni wake. Shaka ni yetu tunaomsikiliza.

Niliwahi kusoma habari ya mama aliyefiwa: "anadai marehemu alikuwa mwanawe wa pili." Nani alimbishia? Mwandishi alichoka tu kurudia "alisema", akamgeuza mfiwa kuwa mtu wa kutiliwa shaka mbele ya jeneza la mwanawe. Iliniuma, na inaniuma bado.

Kinga ya kisheria nayo haipo. Ukirudia kashfa aliyoitoa mwingine, umeichapisha wewe, na "inadaiwa" haikutoi humo. Tena inamficha mwenye maneno. Nani anadai: polisi, jirani, au mtalaka wake? Msomaji atayapimaje madai yasiyo na mwenyewe?

Basi, mtajeni msemaji. Hakuna ubishi? "Alisema." Anafafanua? "Alieleza." Anarudia kwa mkazo? "Alisisitiza." Amepingwa na harudi nyuma? "Alishikilia." Kuna ubishi na ushahidi haujatolewa? Hapo ndipo pa "alidai." "Alithibitisha" lina sharti la uthibitisho, "alikiri" mwachieni anayekubali kosa, na "ameshtakiwa" lisubiri mashtaka yafunguliwe. Na "alisema" likijitokeza mara sita katika habari moja, liacheni lijitokeze.