Ufuko wa Watoto Karibu na Bandari ya Frederikshavn

Leo tunakwenda Denmaki. Ni nchi ndogo ya Ulaya ya Kaskazini. Ina visiwa vingi, na sehemu yake ya bara inapakana na Ujerumani upande wa kusini tu. Kwingine ni maji matupu. Mtu awe wapi katika nchi hiyo, bahari haiko mbali naye zaidi ya kilomita 52 hivi. Kwa hiyo watu wa huko wameyazoea maji. Wamejifunza pia kuyaogopa, na jambo hilo ndilo tunalotaka kulieleza.

Kaskazini ya nchi, upande wa mashariki, kuna mji wa Frederikshavn. Zamani mji huu uliitwa Fladstrand, maana yake ufuko wa bapa. Mwaka 1818 ukapewa haki za mji na jina jipya, Frederikshavn, yaani bandari ya Frederik. Huyo Frederik alikuwa mfalme wao, Frederik wa 6. Ukiyajua majina hayo mawili umekwisha kuujua mji: pana ufuko wa bapa, na pana bandari.

Bandarini hapo kuna vivuko vikubwa. Malori na magari madogo huingia tumboni mwa meli, watu hupanda juu. Vivuko vingine huvuka kwenda mji wa Göteborg katika nchi ya Uswidi, safari ya saa tatu na nusu hivi. Vingine huenda kisiwa cha Læsø, saa moja na nusu. Sasa, wasafiri wenye watoto huwa na taabu ya kungoja. Mtoto hangoji kama mtu mzima. Basi mwendo mfupi kaskazini ya bandari upo ufuko wa mchanga uitwao Palmestranden, na familia nyingi huenda kupumzika huko.

Jina la ufuko huo linatokana na miti ya jamii ya mnazi na mtende. Usidhani inaota huko yenyewe. Baridi ya Denmaki ingeiua. Watu huitoa nje wakati wa joto, na baridi ikikaribia huirudisha ndani, kama sisi tunavyorudisha vifaranga jioni. Haizai nazi. Ni pambo tu, lakini watoto huifurahia.

Wakati wa kuoga ni mwezi wa Juni hadi Agosti. Hata wakati huo maji ni baridi kwa mtu wa kwetu. Mchana wao ni mrefu mno: mwishoni mwa Juni, saa nne ya usiku jua bado halijazama, na watoto bado wanachimba mchanga.

Kwa nini ufuko huu unafaa watoto? Si kwa sababu ya miti ile. Ni kwa sababu ardhi chini ya maji inateremka polepole. Mtu hutembea hatua nyingi na bado maji hayajafika kiunoni. Tena bahari ya huko, iitwayo Kattegat, haipwi wala haijai sana. Mzazi hapati shida ya maji kujaa ghafla nyuma ya mtoto.

Lakini maji mafupi yana hila yake. Ufuko huu umeelekea mashariki, na katika nchi ile upepo huvuma mara nyingi kutoka magharibi. Maana yake upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Hapo ukingoni maji yanatulia kama ya mtungini, kwa sababu nchi kavu inayakinga. Mzazi anatazama, anasema leo bahari ni shwari. Kumbe mbele kidogo upepo una nguvu zake zote.

Sasa mtoto amelala juu ya godoro la mpira lililojazwa hewa, au amekalia tyubu. Kitu hicho ni chepesi, kinashika upepo kama tanga. Kinaanza kwenda. Mtoto anacheka, hajui. Baba akiingia kumfuata anaogelea, lakini godoro linakwenda upesi kuliko yeye. Dakika chache tu, watu wawili wako hatarini badala ya mmoja.

Ndiyo sababu Wadenmaki hufundishwa kuusoma upepo kabla ya kuingia majini. Njia ni rahisi. Chukua mchanga mkavu, uachie. Ukipeperuka kuelekea baharini, godoro lisiingie majini siku hiyo. Tyubu ikienda peke yake, iache iende. Ikiwa mtoto yuko juu yake na amekwisha fika maji marefu, ashike hapohapo na kupunga mkono, asiruke. Walioko nchi kavu waite msaada mara moja.

Hufundishwa mengine pia: kujifunza kuogelea, kutoingia majini peke yako, kuujua ufuko kabla ya kuoga, na kutomwacha mtoto machoni hata kidogo. Hilo la mwisho tunalitilia mkazo. Watu wengi hudhani mtoto anayekufa maji atapiga kelele. Mara nyingi hapigi. Anazama kimya, na mama yuko hatua chache akimenya chungwa.

Jirani ya bandari lazima kujihadhari zaidi. Ndani ya bandari haogi mtu, maana nahodha aliye juu ya meli kubwa hawezi kuona kichwa kidogo majini. Tena meli ikipita, mawimbi yake huweza kufika ufukoni baadaye, watu wamekwisha isahau. Mtoto mdogo huangushwa na wimbi la namna hiyo hata kwenye maji ya magotini.

Kwenye fukwe zenye waokoaji huwekwa bendera. Ya rangi nyekundu na njano maana yake waokoaji wapo kazini. Nyekundu tupu maana yake kuoga ni hatari. Bendera ya buluu ni habari nyingine: inaonyesha kwamba ufuko umetimiza masharti, mojawapo likiwa usafi wa maji. Haisemi kwamba mtoto hawezi kuzama.

Kuna jambo moja tumelipenda sana. Kwenye fukwe nyingi za Denmaki kuna vibao vya kijani. Kila kibao kimeandikwa herufi moja na tarakimu tatu. Mtu akipata ajali hapigi simu na kusema, “Tuko ufukoni, karibu na mchanga,” maana mchanga uko kila mahali. Anapiga namba 112, anasoma herufi na tarakimu zilizo kwenye kibao kilicho karibu naye, na waokoaji wanajua wafike wapi. Wazazi huonyeshwa kukisoma kibao hicho wanapofika tu, kabla watoto hawajavua viatu.