Siku mbili Mombasa: Jinsi ya kuufaidi Mji wa Kale bila kuchoka wala kufilisika

KILA siku, mchana na usiku, malori hupita Mlolongo yakielekea Mombasa au yakitoka huko. Mji huu wa Kaunti ya Machakos, ulio kando ya barabara kuu, unasemekana kupata hata jina lake kutokana na msururu wa malori yaliyokuwa yakisubiri zamu kwenye mizani. Mkazi wake huishi akiitazama njia ya Mombasa tangu alfajiri hadi usiku, lakini huenda asiujue mji ulio mwisho wa njia hiyo.

Wapo waliofika huko mwisho wa juma wakarejea wakiwa wameona mchanga wa ufuoni, bwawa la hoteli na msongamano wa magari pekee. Jumatatu ikawakuta pesa zimekwisha na mwili umechoka kuliko ulivyokuwa Ijumaa. Wengi hulaumu ufupi wa muda. Hata hivyo, kosa mara nyingi halimo katika saa bali katika tamaa ya kutaka kuona kila kitu kwa siku mbili.

Katika nchi za Ulaya, matembezi mafupi ya aina hii yamekuwa desturi. Mfanyakazi wa London au Berlin hupanda ndege ya bei nafuu Ijumaa jioni, akazuru mji wa kale kama Lisbon au Prague, na kurejea kazini Jumatatu. Aliyezoea safari hizo hafukuzani na orodha ndefu. Huchagua mtaa mmoja wa kihistoria, hulala humo humo, hutembea kwa miguu na kuyaacha mengine kwa safari ijayo.

Mkazi wa Mlolongo anaweza kufanya vivyo hivyo bila pasipoti wala viza. Mji wa Kale wa Mombasa ulijulikana na wasafiri wa mbali kabla ya meli za Ulaya kufika pwani hii. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipita hapo mwaka 1331, miaka 167 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga mwaka 1498.

Hesabu ya saa

Jambo la kwanza ni usafiri, kwa kuwa ndio unaokula muda. Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni takriban kilomita 480. Basi huchukua saa nane au zaidi, na lori likianguka njiani hakuna anayeweza kutabiri saa ya kufika. Kwa mtu mwenye siku mbili tu, kwenda na kurudi kwa basi ni kuitoa siku moja nzima sadaka.

Treni ya reli ya kisasa, Madaraka Express, ilizinduliwa Mei 31, 2017 na kuanza kubeba abiria siku iliyofuata. Ile isiyosimama katika vituo vingi huchukua kama saa tano. Hapa mkazi wa Mlolongo ana bahati kuliko jirani yake wa Nairobi, kwani kituo kikuu cha treni hiyo kiko Syokimau, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwake. Wakati mwenzake wa Kasarani angali amekwama katikati ya jiji, yeye tayari yuko langoni.

Kwa ratiba ambayo imezoeleka, treni ya saa tisa alasiri hufika Mombasa baada ya saa mbili usiku. Ipo pia ya saa nne usiku, ambayo huwafaa wasioweza kutoka kazini mapema. Lakini hiyo hufika kabla ya alfajiri, na anayeipanda bila chumba alichokwisha kulipia hujikuta akiisubiri asubuhi kwenye kiti cha kituo. Ni vyema kuthibitisha saa kabla ya kununua tiketi, maana ratiba hubadilika.

Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 mnamo Januari 2024, na ya daraja la kwanza ikawa Sh4,500. Kwa bei hizo, mume na mke wanaosafiri daraja la kawaida hutumia Sh6,000 kwenda na kurudi. Tiketi za Ijumaa na Jumapili huisha mapema, hasa shule zinapofungwa. Anayeshika simu yake siku ya Alhamisi huenda akakosa kiti.

Aidha, msafiri hana budi kufika kituoni angalau saa moja mapema akiwa na kitambulisho, kwa sababu mizigo na abiria hukaguliwa.

Kituo cha Mombasa kiko Miritini, bara, si kisiwani. Matatu na teksi husubiri abiria hapo, nayo safari ya kuingia mjini huongeza muda. Anayefika Ijumaa usiku na kupanda treni ya Jumapili saa tisa alasiri hubakiwa na takriban saa 40 mjini. Akiondoa usingizi wa siku mbili, zinasalia kama saa 24. Hiyo ndiyo akiba yake, na apaswa kuitumia kama atumiavyo mshahara.

Kwa hesabu hiyo, mahali pa kulala pana uzito mkubwa. Anayelala Diani huenda akalazimika kuvuka kivuko cha Likoni, na anayelala Nyali atalitegemea daraja. Foleni za huko zinaweza kumla saa nyingi. Anayelala kisiwani karibu na Mji wa Kale hahitaji gari. Mtaa wenyewe unaweza kuvukwa kwa miguu kwa muda usiozidi nusu saa, japo hakuna sababu ya kuuvuka kwa haraka hivyo.

Jumamosi asubuhi: Ngome

Jua la Mombasa halina huruma adhuhuri. Kwa hivyo, Fort Jesus ipewe asubuhi. Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, aliyekuwa pia akiitawala Ureno. Mchoro wake ulifanywa na Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na umbo lake likitazamwa kutoka juu hufanana na mwili wa binadamu. Shirika la UNESCO liliiorodhesha kuwa turathi ya dunia mwaka 2011.

Mgeni asiyejua kisa cha ngome huona kuta tu. Akikijua, kuta hizo huanza kusema. Mwaka 1631, Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno kule Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo, aliwageuka walezi wake na kuitwaa ngome. Wareno walirejea mwaka uliofuata.

Machi 1696, majeshi ya Oman yaliizingira ngome hiyo kwa muda wa miezi 33. Ndani yake walikuwamo Wareno pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao. Njaa na maradhi viliwaua wengi kuliko risasi, na Waomani walipoingia Desemba 1698 waliwakuta wachache mno wakiwa hai.

Meli moja ya Wareno iliyokuja kuwaokoa, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wataalamu waliichunguza chini ya maji katika miaka ya 1970, na baadhi ya vitu vilivyopatikana vimewekwa katika makumbusho yaliyo ndani ya ngome. Humo pia imo Nyumba ya Waomani, pamoja na michoro iliyochorwa ukutani na Wareno. Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza mwaka 1895, na ikabaki hivyo hadi mwaka 1958. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960.

Saa tatu zinatosha kwa yote hayo. Raia wa Kenya hutozwa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa kigeni, hivyo kitambulisho kisiachwe chumbani. Anayemtaka mwelekezi na amtake mwenye kibali, na malipo yaafikiwe kabla ya kuanza kutembea.

Ndia Kuu na vichochoro

Baada ya chakula na mapumziko ya mchana, jioni ni ya mitaa. Karibu na ngome inaanzia barabara iitwayo Ndia Kuu. Msomaji asidhani herufi zimekosewa. "Ndia" ni "njia" katika Kimvita, lahaja ya Mombasa, ambayo pia husema "mato" badala ya "macho". Kimvita ndicho alichotungia mashairi Muyaka bin Haji, malenga mkubwa wa Mombasa wa enzi ya Wamazrui. Mkutano wa mwaka 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa kwenyewe. Kuketi barazani na kusikiliza wazee wakizungumza ni somo ambalo halina kiingilio.

Katika vichochoro hivyo mna milango ya nakshi, roshani za mbao na kuta za matumbawe. Msikiti wa Mandhry hutajwa kuwa ulijengwa mwaka 1570, yaani kabla ya ngome yenyewe. Mbele kidogo iko Bandari ya Kale, ambako majahazi yaliyosukumwa na pepo za kaskazi na kusi yaliunganisha Mombasa na Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi kabla ya Kilindini kuchukua nafasi yake.

Kwa mgeni kutoka Machakos, bandari hiyo ina maana ya pekee. Katika karne ya 19, wafanyabiashara Wakamba walisafiri kwa miguu kutoka bara wakiwa na pembe za ndovu hadi pwani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliifuata njia ya misafara hiyo hadi Ukambani mwaka 1849 na kukutana na mfanyabiashara maarufu Kivoi. Ujenzi wa reli ulianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, ukipitia nyika za Athi. Hivyo, njia inayopita Mlolongo leo ina historia ndefu kuliko lami yake, na mwanzo wake uko hapa majini.

Jua likizama, watu hutoka nje. Huo ndio wakati wa viazi karai, mishikaki na kahawa chungu katika vikombe vidogo pamoja na kashata. Asubuhi yake kuna mahamri na mbaazi. Vyakula hivi vya mitaani humgharimu mtu kidogo kuliko mlo wa hoteli, na fedha yake huingia moja kwa moja mkononi mwa mwenyeji.

Adabu za mgeni

Kuna jambo ambalo baadhi ya wageni hulisahau. Mji wa Kale si makumbusho. Ni makazi ya watu ambao huamka, husali, hupika na hulea watoto katika nyumba zile zile zinazopigwa picha. Mavazi ya heshima, kuomba idhini kabla ya kumpiga mtu picha na kutosimama mlangoni pa msikiti wakati wa sala ni mambo madogo yenye thamani kubwa. Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana, nao usiku huchangamka.

Mji wa Venice nchini Italia ulianza mwaka 2024 kuwatoza ada wageni wa kutwa katika siku maalumu, baada ya wenyeji kulalamika kwamba wanalemewa na wingi wa watu. Mombasa haijafikia hapo. Lakini mtaa huo, uliotangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, una maumivu yake. Baadhi ya nyumba za matumbawe zimebomoka, nyingine zimepisha majengo ya saruji, na mbele ya Fort Jesus ilibidi ujengwe ukuta wa kuzuia mawimbi yasiendelee kuula mwamba. Mgeni anayelala na kula mtaani humo humsaidia mwenye nyumba kuona faida ya kuitunza badala ya kuibomoa.

Jumapili isijazwe

Asubuhi ya Jumapili haihitaji orodha nyingine. Atakaye upepo na aende ufuoni Mama Ngina, atazame meli zikiingia Kilindini. Atakaye utulivu na arudie kichochoro kilichomvutia jana, kwani mtaa ukitembelewa mara ya pili huonyesha yale uliyoyaficha mara ya kwanza. Muhimu ni kuondoka kisiwani ifikapo saa saba mchana, ili foleni ya kuelekea Miritini isigeuke kuwa kisa cha kukosa treni.

Njiani treni hupita Tsavo, na abiria mwenye bahati huwaona ndovu dirishani kabla ya giza. Baada ya saa mbili usiku atakuwa Syokimau, na muda mfupi baadaye nyumbani Mlolongo, malori yakiendelea kupita kama kawaida. Tofauti ni kwamba sasa anajua yanakokwenda.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa mwisho wa juma hupewa siku hizo mbili tu za heshima. Akizitumia kwa kuchagua machache na kuyaona vyema, atarudi kwao kabla ya kukabidhiwa jembe la mwenyeji, akiwa na nguvu ya kulishika la kwake Jumatatu asubuhi.